Mama Magazeti na Kabati la Tisa

Leo, Ijumaa tarehe 28 Juni, Mama Magazeti anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha mimea mikavu cha makumbusho yetu. Mimi, mwandika vibandiko wa meza ya pili, nina miaka thelathini na miwili tangu niondoke kwetu, na thelathini kati ya hiyo nimekaa mkabala naye.

Alianza kwa kufuta vumbi la makabati. Sasa wanafunzi wa vyuo humletea uyoga ambao walimu wao wanaogopa kuutaja jina.

Lakabu yake imetokana na kazi. Mmea ukiletwa, hulazwa katikati ya magazeti na kubanwa kwa mbao hadi ukauke, na magazeti hayamtoshi kamwe. Mumewe, fundi viatu, analalamika kwamba akienda kunawa mikono tu, akirudi matokeo ya mpira yameshabana majani.

Kabla ya kuingia kabatini, mimea hukaa wiki nzima kwenye friza ili wadudu wafe. Siku moja mlinzi wetu alihifadhi samaki wake humo. Alimkuta kafungwa vizuri, ana namba, tarehe na maelezo: ameletwa na mlinzi, hana mizizi.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa kabati la tisa. Lina bahasha mia mbili na sita za kuvumwani, ule ukoga mkavu unaoota juu ya mawe na magome. Vibandiko vyake vilikuwa vimegandishwa kwa gundi ya unga, na mende walikula gundi, karatasi na wino. Miaka kumi na miwili iliyopita mkuu wa makumbusho alisema kitu kisichojulikana kilitoka wapi na lini ni takataka, na katika hilo hakukosea. Alitupa mwezi mmoja, kisha kabati litupwe.

Mama Magazeti alifungua bahasha ya kwanza, akaweka kuvumwani kando, akaanza kusoma gazeti lililoifunga. Wakusanyaji wa zamani walitumia gazeti la siku hiyo, walilolinunua hukohuko walikokuwa. Basi tarehe tunayo, akasema, mji tunao, na daftari zao za safari zimejaa stoo. Nani bado anataka kutupa?

Magazeti ya upande wa kwetu alinipa mimi, akanionya nitazame tarehe tu, nisisome habari. Saa moja baadaye alikuwa ameegemea bega langu, tukisoma pamoja tangazo la baiskeli iliyopotea na kuwashuku majirani wote wa mwenye baiskeli.

Wachukuzi wa kulitupa kabati walipofika, bahasha mia moja tisini na nane zilikuwa na vibandiko vipya. Mkuu alizipitia moja moja, akawarudisha wachukuzi. Tangu siku hiyo gazeti lake mwenyewe humletea Mama Magazeti asubuhi, halijakunjuliwa.

Bahasha ya mia moja na kumi na nane ilitoka kwenye ukuta wa mawe nyuma ya shule niliyosoma. Kibandiko chake Mama Magazeti alikataa kukiandika, alinisogezea kalamu.

Asante, mama. Kapumzike, na umwache mzee wako amalize gazeti lake. Maisha yako ya mbele yawe mema kama mikono yako. Ninapotaka kuona kwetu, nafungua kabati la tisa, droo ya pili. Mimi mwenyewe sitarudi huko.