Minyoo ya Sindo, Pumu ya Nakuru

Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa mtumbwi mkuukuu uliolazwa juu ya mawe mawili mbele ya ghala la pamba pale Sindo, na mwaka ule wa 1968 hapakuwa na jambo lililopita bila kujadiliwa hapo. Kahawa ilikuwa ya Phelesia, mjane aliyejifunza kuipika iwe chungu alipokuwa ameolewa Kendu Bay. Kiswahili kilikuwa cha lazima kwa sababu ya Nyamhanga, mwuza wimbi kutoka Kegonga, ambaye Dholuo, lugha ya Wajaluo, kilimshinda. Huyo walimwita Gunia. Cephas walimwita Daktari Nusu, maana alifunga vidonda vya askari wenzake kule Burma. Javan, mpima pamba, alikuwa Mizani. Fanuel, fundi wa nyavu, hakupewa jina la utani. Tangu apate mtoto wake wa kwanza wote walimwita Baba Roseline. Sasa Roseline alikuwa na siku kumi na mbili kaburini, na Fanuel aliporudi benchini asubuhi ile, hakuna aliyejua amwiteje.

—Omera, ndugu yangu, keti, alisema Cephas hatimaye, akisogea.

Fanuel akaketi. Phelesia akamjazia kikombe. Fanuel alikuwa mtu mwembamba, mikono yake imezoea sindano na uzi, na leo mikono hiyo ilikosa la kufanya. Pamba ilipeperuka kutoka ghalani ikawatua mabegani, kama kila siku.

—Angalia hii vumbi, alisema Javan, ambaye kimya kilimtesa. —Mimi nameza pamba miaka kumi na moja. Nimewahi kukohoa?

—Hujawahi, alisema Nyamhanga.

—Na ile mtoto, kule Nakuru kwa shangazi yake, aliishi nyumba ya simiti, inapigwa deki kila siku. Halafu pumu ikamshika yeye. Hiyo ni haki gani?

Cephas alimkanyaga mguu, lakini Fanuel alisema:

—Mwache aseme. Nyumbani watu wananiambia ni mapenzi ya Mungu, basi, wanakula wanaenda. Nyinyi semeni kitu.

Hapo wakasema. Cephas ndiye aliyeanza, kwa sababu yeye ndiye aliyesikia kwa masikio yake. Mwezi wa tatu alikuja daktari mmoja kutoka Nairobi, kijana, na sanduku la chupa. Alipima choo cha watu wa ziwani, akatoa damu, kisha akawachanja mikononi na kutia matone ya maji ya vumbi, aone ni nani atavimba. Benchi zima lilichanjwa. Hakuna aliyevimba hata kidogo.

—Mimi nikamuuliza, daktari, hii ni ya nini? Akaniambia, mzee, kuna chembe kwenye damu. Zinajaa kwa mtu wa pumu. Na kwa mtu mwenye minyoo na kichocho, zinajaa vilevile. Lakini huku kwenu minyoo ni tele na pumu ni haba. Ndiyo natafuta kwa nini.

—Akapata? aliuliza Fanuel.

—Alisema hajui. Lakini mimi najua. Cephas aliweka kikombe chini. —Hizo chembe ni askari. Kazi yao ni minyoo. Sisi Burma tulipigana vizuri kabisa. Vita ikaisha, tukawekwa kambini miezi minne tukingoja meli. Unajua tulifanya nini? Tulipigana sisi kwa sisi. Mtu anavunjwa taya kwa sababu ya sigara. Askari bila adui ni hatari, omera. Ukitoa minyoo yote, askari anapiga vumbi. Anapiga kifua cha mwenyewe.

—Kwetu hiyo tunaijua kwa ng'ombe, alidakia Nyamhanga. —Nilinunua mtamba safi kwa mzungu mmoja, ameoshwa kwa dawa tangu azaliwe, hajui kupe. Nikamleta Kegonga. Wiki tatu tu, amelala. Na ng'ombe wetu wamejaa kupe hadi masikioni, wanakula nyasi tu.

—Lakini huyo aliuawa na kupe, mura, si na kukosa kupe, alisema Cephas, akimtania kwa neno lake la Kikuria.

—Ni ile ile!

—Basi mimi nasema hivi, Javan akasimama. —Serikali itume minyoo Nakuru! Tuijaze kwenye makopo, tuandike Sindo juu yake. Kila mtoto wa karani ameze mmoja, kama vile sisi tunameza kwinini. Na hao wa Nairobi...

Nyamhanga akacheka, na Cephas akacheka, na hata Phelesia akafunika mdomo kwa leso. Kicheko kilikwenda kidogo, kisha kikagundua kimefika wapi. Javan akaketi polepole.

Fanuel alikuwa akitazama kahawa yake.

—Mimi ndiye nilimtoa Roseline hapa, alisema. —Kwa sababu ya minyoo.

Hakuna aliyelijua hilo. Walidhani ni shule.

—Alikuwa na miaka tisa. Tumbo limemtoka, macho meupe, usiku kucha anaenda chooni. Dada yangu akaja kutoka Nakuru, akasema nipe mmoja, siwezi wawili. Nikampa mkubwa, maana ndiye alikuwa mgonjwa zaidi. Wakampa dawa, wakamvalisha viatu, hakukanyaga tena ziwa lenye kichocho. Dada akaniandikia: ungemwona, amenenepa. Ile barua nilitembea nayo mfukoni mpaka ikakatika. Niliwasomea hapa.

—Ulitusomea, alisema Cephas kwa sauti ndogo.

—Mwaka wa pili akaanza kupiga chafya. Wa tatu kifua kikabana. Mwezi huu wa saba baridi ya Nakuru ikawa kali. Dada anasema alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini, anavuta pumzi kama mtu anavuta wavu uliokwama. Mpaka akaacha kuvuta. Miaka kumi na tatu.

Phelesia alijipangusa macho. Nyamhanga, ambaye alikuwa amezika watoto wawili kwa surua na hakupenda kuwataja, alimwekea Fanuel mkono begani.

—Sikia, mura. Daktari mwenyewe alisema hajui. Nakuru kuna baridi, kuna vumbi jeupe, kuna maua ya pareto ya mzungu. Inaweza kuwa hayo tu. Usichukue maneno ya Daktari Nusu ukajifunga nayo.

—Kweli, alisema Cephas upesi. —Mimi nilifunga vidonda tu. Sijui kitu.

Fanuel akaitikia kwa kichwa. Lakini alijua ameshayameza.

Hapo ndipo walipomwona Rispa, mkewe, akija kutoka upande wa zahanati, nguo yake nyeusi ya matanga imeshika vumbi pindoni. Rispa hakuwahi kusimama mbele ya benchi lile tangu aolewe. Wake za watu walipita wakiangalia mbele. Leo alisimama. Akawaamkia wote, kisha akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na chupa ndogo ya dawa ya maji.

—Ni ya Pamela, alimwambia mumewe. —Majibu ya choo yamerudi. Ana minyoo mingi kama dadake alivyokuwa nayo. Wamesema nimpe vijiko viwili leo, na ile ya kichocho aende kuchomwa sindano baadaye.

Pamela alikuwa na miaka tisa. Ndiye aliyebaki.

Rispa akamgeukia Cephas.

—Jaduong', mzee wangu, nilikusikia nikiwa pale nyuma ya ukuta wa ghala. Nilisikia habari ya askari. Basi niambie wewe uliyeongea na daktari. Tumbo linamuuma mtoto, usiku halali. Nimpe hii dawa, au nimwache na minyoo yake?

Cephas, aliyekuwa na jibu la mvua, la bei ya pamba na la vita vya dunia, aliichukua chupa, akaigeuzageuza, akamrudishia. Nyamhanga alisema kitu kwa Kikuria, taratibu, si kwa mtu yeyote. Phelesia akainamisha birika ili awe na la kufanya, likatoa masimbi ya kahawa tu.

Fanuel akasimama.

—Twende nyumbani, min Pamela, alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama wa Pamela; siku zote alikuwa mama wa Roseline. Rispa aliuma mdomo, akamfuata.

Pamela alikuwa uani akipepeta wimbi, tumbo lake limesukuma gauni mbele. Fanuel alimimina kijiko cha kwanza yeye mwenyewe, kwa sababu hakutaka siku yoyote ijayo lawama imwangukie Rispa. Mtoto akameza, akakunja uso, akameza cha pili. Kisha wazazi wakaketi, mmoja huku, mwingine huku, wakimsikiliza anavyopumua, mpaka Pamela akachoka kutazamwa.

—Baba, maji yameisha. Niende ziwani?

Fanuel alimtazama Rispa. Rispa aliutazama mtungi. Mtoto akaubeba mtungi kichwani, akateremka peku kuelekea majini.