Meza ya Fundi Pima

“Huikati! Ukitaka kuikata, anza na mimi!”

Maneno hayo, wasikilizaji wapendwa, yalitoka kwa mjane wa Fundi Pima. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule yake, mikono kiunoni. Mbele yake alisimama mwanawe wa kwanza, msumeno mkononi.

“Mama, nakata katikati tu. Tukifika nje naiunga.”

“Baba yako alikufundisha kukata kitu kizima?”

“Lakini haipiti mlangoni!”

“Hilo nalijua tangu hujaota meno.”

Leo tunamkumbuka Fundi Pima. Seremala. Mume wa mke mmoja, baba wa watoto watano. Alitutoka mwezi uliopita, usingizini, baada ya kulalamika kwamba chai haina sukari. Jina la Pima alipewa mtaani, kwa sababu hakugusa ubao kabla ya kusema, “Tupime kwanza.” Kuna mteja mmoja mnene alimpima kwa macho tu, akamwongezea kiti mguu wa tano kimyakimya.

Hata mkewe alipimwa. Makabati ya jikoni yalifungwa kwa kimo cha mama huyo, ambaye ni mfupi. Fundi mwenyewe, pandikizi la mtu, aliosha vyombo kila jioni amejikunja. Akigonga paji la uso kwenye kabati, alisema, “Hodi.”

“Nilimwambia ayapandishe,” anasimulia mjane. “Akanijibu, ‘Mwenye jiko ni wewe, mimi mgeni tu.’”

Binti yake naye anakumbuka siku aliyomleta mchumba nyumbani. Baba alimkaribisha kijana kwenye kigoda ambacho vanishi yake haijakauka. Kijana aliposimama kuaga, kigoda kikasimama naye. “Baba akamzunguka, akamtazama, akaniambia, ‘Mchukue. Huyu hakimbii.’”

Sasa meza. Fundi Pima alitaka meza moja ya kuwatosha wote: yeye, mkewe, watoto, na wakwe na wajukuu watakaokuja. Mvua zilikuwa nyingi, karakana inavuja, akaitengenezea sebuleni. Akaipima, akaipima tena. Mlango hakuupima. Miguu aliichomeka kwenye matundu na kuijaza gundi, kwa hiyo haichomoki. Ilipokamilika ikajaza sebule. Viti viliingia upande mmoja tu. Wengine walikula koridoni, wima, wakipitishiwa mchuzi juu ya vichwa.

Mkewe alipouliza itatokaje, Fundi aliipigapiga kwa kiganja. “Hii haitoki, mke wangu. Labda nyumba itoke.”

Turudie, kwa aliyechelewa kufungua redio. Meza ilitengenezwa ili familia nzima ikae pamoja. Na familia nzima ilikuwa haijawahi kukaa pamoja kwenye meza hiyo. Hata siku moja. Sasa wote walikuwa wamekuja kumkumbuka baba, na mama alitaka wale uani, kwenye meza hiyo ya baba.

“Tuazime meza za plastiki kwa jirani,” binti akashauri.

“Baba yako hakuwa wa plastiki.”

“Basi tufanyeje, mama?”

Mjane akaitazama meza. Akautazama mlango, na fremu ambayo nayo ilikuwa kazi ya mumewe. Machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa upande wa kanga.

“Weka huo msumeno. Niletee nyundo kubwa ya baba yako.”

“Ya nini?”

“Nyumba inatoka.”

Pigo la kwanza alipiga yeye. Pigo la pili fremu ikaachia. Mwana alipoona mama hatanii, akaipokea nyundo na kuuingia ukuta. Jirani, mwashi, alikuja mbio kuuliza kuna nini; akapewa sululu. Chakula kilikuwa bado cha moto meza ilipotua uani, nzima, miguu yake yote minne. Wakaketi. Wote. Nafasi moja ikabaki, wakaitazama, mpaka mjukuu mdogo kuliko wote akaipanda na sahani yake.

Kwa mjane, watoto, wakwe na wajukuu: poleni sana, nasi tuliompenda fundi wenu tumefiwa pamoja nanyi. Nawe unayetusikiliza, tazama ndani kwako. Kile ulichokiweka akiba mpaka siku watakapokuwepo wote, usikiweke tena.

Na ukuta? Mwashi aliuliza atauziba lini. Mama akamsogezea kiti.

“Kaa ule kwanza.”