Bi Mbilimbili, Aliyetenga Pesa ya Chumvi na Pesa ya Mafuta

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa bawabu wa kiwanda hicho na mkewe, mshonaji wa mashuka. Mtoto wa kwanza alikuwa na umri wa miaka miwili, na mpaka siku hiyo alikuwa akilala kitandani kwa mama. Siku hiyo alihamishiwa kwenye mkeka. Huyo ndiye kaka yake, fundi saa, ambaye marehemu mwenyewe alimwagiza aandike maneno haya.

Jina la Bi Mbilimbili alilipata akiwa na miaka saba. Mama alimtuma dukani na sarafu mbili, moja ya chumvi na moja ya mafuta ya taa. Chumvi ilikuwa imepanda bei. Alirudi na mafuta, chenji ya mafuta, na ile sarafu ya chumvi imekamatwa kiganjani vilevile.

"Si ungeongezea hiyo chenji?" mama akamuuliza.

"Hiyo ni ya mafuta, mama."

Jioni ile familia ilikula chakula chapwa. Baba alicheka mpaka akafuta machozi, akampa jina lililomfuata mpaka leo. Kaka yake alikuwa ametumwa dukani mara mia na kurudi na kila kitu, wala hakuna aliyewahi kumpa jina.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza mwaka 1970. Kaka yake alikuwa amemaliza mwaka mmoja kabla, akawa anangoja nyumbani ada ipatikane. Ilipopatikana, ilikuwa ya mtoto mmoja. Baba aliziweka karatasi mbili za matokeo juu ya meza, akazisoma polepole, kwa maana kusoma kwenyewe kulimpa taabu, kisha akatangaza kwamba binti amezidi kwa alama tatu. Hapo mambo yakaisha. Marehemu alisoma shule ya sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1974 na cheti kizuri. Kaka yake alipelekwa kwa fundi saa mmoja mzee, akajifunza kazi kwa macho, na elimu akaipata kwenye magazeti yaliyofungia sukari. Ndiyo maana habari nyingi anazijua bila mwisho wake; mwisho ulikuwa umefungia sukari ya mtu mwingine.

Tarehe 5 Januari 1976 marehemu aliajiriwa idara ya maji kuwa karani wa bili. Alikaa dirisha la tatu kwa miaka thelathini na mitano. Wale waliopanga foleni pale watakumbuka kalamu zake mbili, nyeusi ya wanaolipa na nyekundu ya wanaoomba kuongezewa muda, na kwamba hakuwahi kukosea moja kwa nyingine. Enzi hizo mtu alijulikana kwa kazi ya mikono yake, na karani alimtazama mtu machoni. Siku hizi bili huja kwenye simu, na saa nayo imo humohumo kwenye simu, na fundi saa hungoja betri.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979 na mpaka rangi aliyekuja kupaka ofisi za idara. Marehemu hakuficha sababu ya kumkubali.

"Nilimwona ana brashi ya nyeupe peke yake," alisema, "na hakuichovya kwingine hata alipodhani hakuna anayemtazama."

Walijaliwa watoto wawili. Mwaka 1994 walikopa benki, wakanunua nyumba ya kuishi, ile yenye mlango wa kijani. Kaka yake aliwaambia siku ya kuhamia kwamba mkopo ni kitanzi. Yeye mwenyewe alikuwa akiweka fedha taslimu, kidogo kidogo, tangu mwaka 1988. Alikuwa amekodi chumba namba moja, kile cha chini ya ngazi, katika jengo la ghorofa moja la mfanyabiashara wa vitambaa. Mzee huyo alimpa neno lake: siku nikiuza, wa kwanza ni wewe. Walishikana mikono. Wakati ule mkono ulitosha.

Sasa inafaa kusemwa habari ya jengo, kwa sababu watu wa mtaa wote wameisikia, na walioisikia waliisikia kwa kaka yake.

Habari iliyosikika ni kwamba Bi Mbilimbili alilinunua jengo kwa siri, akamnyang'anya kaka yake ndoto ya miaka kumi na minane. Si kweli. Mwezi Julai 2006 mzee wa vitambaa alipotaka kuuza, alimwambia fundi saa kwanza, kama alivyoahidi. Fundi saa alikuwa na sehemu ya tano ya bei. Marehemu alimwita nyumbani kwake, akamwekea chai, akachora mstari katikati ya karatasi.

"Kaka, sehemu ya tano ndiyo benki wanayotaka tutangulize. Weka hiyo yako, mimi nichukue mkopo kwa mshahara wangu. Jengo liandikwe majina yetu mawili. Wapangaji watalilipa."

"Mkopo ni kitanzi."

"Kitanzi ni kamba, kaka. Inategemea umeifunga wapi. Hatutaifunga kwenye nyumba hii ya kulala. Nimewaambia benki, dhamana ni jengo lenyewe basi. Likianguka lianguke peke yake."

"Nimesema sitaki. Nunua wewe, tukuone."

Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa, na shahidi ni shemeji yake, mpaka rangi, aliyekuwa amekaa pale akichovya mkate. Marehemu alitanguliza akiba yake mwenyewe, mkopo ukawa wa miaka ishirini, miezi mia mbili na arobaini, kuanzia Septemba 2006. Hakumsuta kaka yake kwa hili hata siku moja, ingawa alijua anachosemwa. Kaka yake alitamani angemsuta.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo marehemu alishuka mpaka chumba namba moja na mkataba mkononi.

"Kodi ni ileile aliyokuwa akitoza mzee, kaka. Na risiti nitakuandikia."

"Unanitoza kodi mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Ulinibeba, na mara moja ukaniangusha. Kovu ninalo. Kaka, nisikilize, usipolipa kodi wewe, kodi nitalipa mimi."

Fundi cherehani wa chumba namba mbili alisikia, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umesikia jibu: "Sijafikia kulipiwa kodi na mtu niliyemfundisha kufunga viatu." Tangu siku hiyo fundi saa alipeleka bahasha kila tarehe tano, akaiweka mezani bila salamu, akachukua risiti bila asante. Akaambia watu kwamba dada yake alimwona ombaomba.

Mwaka 2009 kiwanda cha sabuni kilifungwa, na vyumba vya juu, walimokaa wafanyakazi wake, vikahamwa vyote kwa mwezi mmoja. Benki ilileta barua. Kaka yake, Mungu amsamehe, alilala usingizi mtamu wiki ile. Mara mbili alipita mbele ya mlango wa kijani kuangalia kama makochi yametolewa nje. Hakuona kochi. Aliona shemeji yake amekaa kibarazani akikausha brashi. Marehemu alikuwa ametenga akiba ya marejesho ya miezi sita, hakuigusa kwa jambo lingine lolote. Akashusha kodi ya vyumba vya juu, akaingiza walimu wa shule ya jirani, na mwezi wa saba jengo likaanza tena kujilipa. Hata kama lingepigwa mnada, benki wasingekuwa na haki hata ya kitasa cha ule mlango wa kijani.

Alistaafu Machi 2011. Kila mtu alitegemea kiinua mgongo chake kingelipa deni la jengo, kwa kuwa ndilo lililokuwa kubwa. Yeye alimaliza deni la nyumba ya kuishi, la jengo akaliacha liendelee. Kaka yake alieneza kwamba ameogopa jengo, kwamba atakufa na deni. Maneno hayo yamesikika hata juzi, hapa hapa kwenye matanga, kwamba mjane ataondolewa na wapangaji watafukuzwa. Wanaoyarudia wasilaumiwe. Waliyapokea kwa mtu waliyemwamini.

Kustaafu kwake hakukuwa kupumzika. Jengo lilipakwa rangi karibu kila mwaka, kwa maana rangi ni matengenezo, na matengenezo hupunguzwa kwenye hesabu ya kodi mwaka huohuo. Mumewe alipotaka kuongeza chumba uani alimkatalia: "Hicho ni kitu kipya, hakipunguzwi hivyo. Wewe paka." Mpaka rangi alilipwa ujira wake, na huenda ndiye mume pekee katika mji huu aliyemwandikia mkewe risiti. Ujira huo nao aliutangaza kwa watu wa kodi, maana mkewe alimsimamia.

Maradhi ya figo yalimwanza Agosti 2021. Alitibiwa kwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, akivumilia bila manung'uniko. Baadhi ya ndugu walishauri zichukuliwe fedha za jengo. Alikataa. Alikuwa na mfuko wa matibabu, tena ulikuwa na jina lake.

Jumatatu, tarehe 5 Juni 2023, kaka yake alipeleka bahasha wodini. Aliiweka kwenye kabati dogo la kando ya kitanda, kama kawaida, akangoja. Marehemu aliomba kitabu cha risiti. Aliandika polepole, herufi moja moja, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita fundi saa akashindwa kungoja risiti bila kusema neno.

"Hivi kwa nini ulitaka kunilipia kodi?" akamuuliza.

"Lini?"

"Siku ile ya mkataba. Ulisema nisipolipa, utalipa wewe. Mbele ya fundi cherehani."

Marehemu alimtazama. Kisha alianza kucheka, na akacheka mpaka binti yake muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

"Kodi ya serikali, kaka. Kodi ya serikali! Chumba kikikaliwa bure na ndugu, wanasema hicho ni cha familia, si cha biashara. Riba ya mkopo ya sehemu hiyo hawaipunguzi kwenye hesabu yangu ya kodi. Ningelipa kodi zaidi kwa ajili ya chumba chako."

"Ulisema kodi tu."

"Na wewe ulisikia kodi tu. Nilidhani umeelewa. Wewe si husoma kila kitu?"

Alikuwa akisoma kila kitu. Ndiyo sababu hakuuliza. Mwaka 2006 aliona haya kuuliza neno mbele ya mtu aliyemzidi kwa alama tatu, na neno lenyewe ni moja kwa mambo mawili, la mpangaji na la serikali, na hakuna aliyelitenga. Marehemu, aliyetenga kila kitu duniani, hilo lilimpita.

"Na kiinua mgongo?" akauliza tena, kwa kuwa alikuwa ameshaanza.

"Riba ya nyumba ya kulala hainipunguzii kodi hata senti. Ya jengo inanipunguzia. Ungeanza kuua deni lipi?"

Jibu lilikuwa jepesi, na hilo ndilo lililouma. Marehemu akamaliza kuandika, akachana risiti, akampa. Ilikuwa ni namba 202.

"Wasifu wangu uandike wewe," akasema.

"Una watoto waliosoma."

"Wale watanisifu. Wewe huwezi, itakuwa kweli. Na useme jambo la ile karatasi ya Julai. Si kwa ajili yangu. Sitaki mume wangu aulizwe na watu kama aliolewa na mwizi."

"Aliolewa?"

"Ndivyo mtaa unavyosema pia. Nalo nadhani lilitoka kwako."

Lilitoka kwake.

Bi Mbilimbili alifariki Alhamisi, tarehe 8 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba. Kwa faida ya walioko hapa: nyumba ya mlango wa kijani haina deni. Jengo lina deni la miezi thelathini na nane, linalolipwa na wapangaji, na hakuna mpangaji atakayefukuzwa kwa sababu ya msiba huu. Karatasi zote zimo katika majalada mawili kabatini mwake. Juu ya la kwanza aliandika Kodi Inayoingia, juu ya la pili Kodi Inayotoka. Wino wa Inayoingia na Inayotoka ni mpya, na binti yake anasema aliomba aletewe majalada na kalamu wodini Jumanne, siku moja baada ya risiti ile.

Ameacha mume, mpaka rangi; binti, muuguzi; mwana, fundi bomba; wajukuu wanne; na kaka mmoja, fundi saa, mpangaji wa chumba namba moja, ambaye alizidiwa kwa alama tatu na hajawahi kumsamehe, na ambaye kila tarehe tano atapeleka bahasha kwa mpwa wake na atamsalimia kwanza.

Apumzike katika amani iliyotengwa kwa ajili yake, isichanganywe na kitu kingine.