Mwalimu Raymundi Kashindye, Aliyeulizwa Havu bin Muvudi ni Nani

Marehemu Mwalimu Raymundi Kashindye alizaliwa Kigwa tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa tatu wa mzee Dionis na mama Veneranda. Alisoma shule ya misheni, akahitimu ualimu mwaka 1954, akafundisha Kiingereza maisha yake yote.

Alifunga ndoa na Apolinaria tarehe 30 Septemba 1961, Uhuru ukinukia. Bwana akawajalia Flavia na Bernardo.

Darasani alipenda kusema, "Jamani, sisi neno moja linatosha. Kitenzi cha Mzungu ni msafara: wapagazi wanatangulia na wakati kichwani, tajiri, yaani kitenzi chenyewe, yuko nyuma."

Agosti 1974, kila nyumba ikiogopa malori ya kuhamishia watu vijiji vya Ujamaa, aliwasomesha wanafunzi kwa sauti: "The people will have been moved." Yaani, watu watakuwa wamekwisha hamishwa. Mgambo aliyekuwa akipita akaingia na bunduki.

"Mwalimu, huyu Havu bin Muvudi ni nani? Mwarabu? Anakuja lini?"

"Si mtu, ndugu. Ni kitenzi."

"Kitenzi chenye baba?"

Watoto walicheka.  Mwalimu alipoulizwa maana hakuweza kudanganya, akaeleza.

"Ala! Na siri ya kuhamishwa watu kakupa nani?"

Akapakiwa kwenye Landrova kupelekwa mjini Tabora. Apolinaria alibaki na rozari mkononi, kafunga nguo za watoto kwenye kanga, kila gari likilia akichungulia dirishani. Jumapili mume alirudi kwa miguu, midomo imekauka. Ofisa aliyejua Kiingereza ndiye aliyemwachia, akamwonya: "Mwalimu, hamisha ng'ombe. Watu waache."

Kabla ya Krismasi malori yakaja kweli, wote wakahamishwa. Tangu hapo mifano yake ikawa ng'ombe tu: watakuwa wamekamuliwa, watakuwa wamenyweshwa. Lakini gari likipunguza mwendo nje, chaki ilimponyoka.

Presha ilimwanza mwaka 1982, ikafika moyoni. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 1983, hospitalini, gari lilinguruma chini ya dirisha. Akamshika mkewe mkono.

"Mama Flavia, wamekuja?"

"Hakuna mtu, baba Flavia. Ni gari la mkate."

"Hata wakija, mimi nitakuwa nimefika."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kumweka mtu pale pa ng'ombe, tena akajiweka mwenyewe. Mkono ukalegea.

Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu. Ee Bwana, umpumzishe kwa amani, mahali asikosikia tena gari.