Amepumzika

Mwalimu wa Kiswahili alijifanya anasoma gazeti, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele, kwa fundi cherehani na mama mmoja wa makamo waliojuana humo humo basini.

"Moyo ulikuwa unanienda mbio, dada, hata mkasi siushiki," fundi alisema. "Nesi akanifundisha kukaa kimya, nimefumba macho, nafuata pumzi zangu tu. Sasa nakata gauni la bibi harusi mkono umetulia tuli."

"Si umepona! Sasa huo ugomvi uliosema na mama mkwe umetoka wapi?"

"Alipiga simu nikiwa nimefumba macho. Mume wangu akamjibu, 'Amepumzika.'"

"Weee! Kama marehemu?"

Mwalimu aliuficha uso gazetini. Kisarufi, mume hakukosea kitu.

"Akaja na mashangazi wote, wanalia tangu barabarani. Wananikuta mkekani, nafumbua macho. Mmoja akazimia! Leo wameniitia kikao, niombe radhi na niache kukaa hivyo."

"Omba tu, mdogo wangu, yaishe."

Basi lilisimama. Fundi alishusha pumzi ndefu, akainuka anatabasamu.

"Nilikutwa hai, dada. Kwa hilo siombi radhi."