Historia ya Brashi, Mwosha Mashua wa Lango la Ziwa

Ndugu waombolezaji, historia hii ilikuwa isomwe na mjomba wa marehemu, lakini amesema sauti yake haitafika mwisho, na mimi niliyemzaa sauti ninayo, kwa hiyo nitaisoma mwenyewe, mniwie radhi nitakapokosea, na mnivumilie nitakapowauma.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Brashi na yeye akaitika, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1985 katika zahanati iliyo juu ya soko, akiwa mtoto wangu wa tatu na wa kike peke yake, alitanguliza miguu, na mkunga akasema huyu hatasikia la mtu, na kweli hakusikia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1993 katika shule iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, akamaliza kidato cha nne mwaka 2003, akapata alama ambazo hazikumpeleka mbele wala hazikumrudisha nyuma, akakaa nyumbani mwaka mzima akigombana na kaka zake juu ya nani amalize kuosha vyombo.

Januari 2005 aliajiriwa kupima samaki katika kiwanda cha barafu kwenye ziwa la jirani, lile ambalo leo mgeni akilitazama hudhani ni shamba la mboga, na huko ndiko alikoliona gugu la maji likiingia, limening'inia chini ya mashua moja iliyotoka mtoni, lina ua la zambarau, watu wakalipenda, wengine wakalipeleka nyumbani kwenye beseni. Halikuchukua muda likafunika maji, mashua zikakwama, samaki wakaelea matumbo juu, maji ya kunywa yakanuka, Oktoba 2010 kiwanda kikafungwa, na marehemu akarudi kwangu na sanduku moja la nguo na hasira.

Tarehe 1 Machi 2011 kamati ya ziwa letu ilimpa kazi ya lango, si kwa kupenda, bali kwa kuwa aliwasumbua kila kikao mpaka mwenyekiti akasema mpeni mnyororo wa lango huyu mama anyamaze. Kazi yenyewe mnaijua, mashua yoyote inayotoka maji mengine husimama nje ya mnyororo, humwagwa maji yaliyotuama ndani, huoshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa kila pembe, hasa kwenye propela ambako mizizi hujifunga, ndipo iingie, na kwa miaka kumi na mitatu hakuna gugu lililoota katika ziwa hili, ambalo tunalinywa, tunalivua na tunafulia.

Hakuwa mpole, nisiwadanganye mbele ya jeneza. Alimrudisha kaka yake wa kwanza mbele ya wakwe zake kwa sababu ya jani moja, na mimi mama yake alinimwagia ndoo niliyotoka nayo mtoni, maji yote chini, akaniambia, "Mama, jani halijui undugu." Wavuvi walimtania kila siku, mmoja wao, naye yuko hapa kwenye kiti cha plastiki, alizoea kumwuliza, "Brashi, nivue shati unisugue na mimi?" na yeye alikuwa akimjibu, "Wewe kaka yangu hata maji ya moto hayatakutosha, nenda kalowekwe." Mlicheka, na mashua zenu zilioshwa.

Tarehe 17 Novemba 2012 alifunga ndoa na fundi wa injini, kijana ambaye marehemu alimzuia langoni mara tatu kwa mashua ile ile, mara ya nne akaja bila mashua, na Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike yuko darasa la tano, wa kiume yuko la pili, wote wako hapa mbele, na huyu mdogo aliniuliza jana nani atafungua lango kesho.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kulalamika tumbo tarehe 11 Mei 2024, akameza dawa za maumivu za dukani, akaenda kazini kama kawaida, nami nilimwambia aende hospitali, akasema ataenda mashua zikipungua. Jumanne tarehe 14 asubuhi alianguka pale langoni, tumbo gumu kama ubao, na kwa kuwa hospitali iko ng'ambo ya ziwa, barabara ya kuzunguka imekatwa na mvua, na boti zetu zote za injini zilikuwa zimetoka kuvua, boti ya kasi iliyokuwepo ni ile ya mnunuzi wa samaki, iliyofika muda huo huo juu ya lori kutoka mtoni, na mizizi ya gugu imejisokota kwenye propela.

Mnunuzi, nampa haki yake, hakusita, alisema, "Panda shemeji, mambo ya majani baadaye." Mume wake akambeba, yeye akashika mnyororo kwa mikono miwili asiachie, akasema, "Ioshwe kwanza." Mume akamsihi, akamkemea, akalia mbele za watu, naye akasema, "Ukiitia hivyo majini sipandi, nitafia hapa hapa na wanao watakunywa tope." Basi mkwe wangu akawasha moto chini ya pipa, akachukua brashi, akaanza kusugua peke yake, na marehemu amelala ubavu kwenye benchi, akimwelekeza, "Chini ya injini bado, baba, chini ya injini."

Pale ufukoni walisimama wanaume kumi na zaidi. Hakuna aliyeshika hata kitambaa. Wengine walisema maumivu yakizidi atalegea mwenyewe, mwingine akasema leo Brashi amepata dawa yake, na mashua ambayo watu wanne wangeimaliza kabla chai haijapoa, mtu mmoja aliisugua mpaka jua likawa kali. Alikata roho katikati ya ziwa, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mumewe. Daktari alituambia kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na kwamba angefikishwa mapema kidogo angepona.

Msiende mkasema alikuwa shujaa, mimi neno hilo silitaki, alikuwa mkaidi, na ninyi mlikuwa wengi.

Familia inamshukuru daktari kwa kusema kweli, inawashukuru majirani kwa maturubai, kuni na masufuria, inamshukuru mnunuzi wa samaki kwa boti na mafuta, na inawashukuru wale wanaume wa ufukoni, ambao leo wamekuja kwa wingi na wamevaa vizuri.

Shukrani ya mwisho ni kwa mwenyekiti wa kamati. Asubuhi ya leo alinishika mkono, akaniambia, "Mama, tumeshusha mnyororo tangu jana, kwa heshima ya marehemu, lango liko wazi kwa waombolezaji wote." Akanitazama kama anangoja nimwambie ahsante. Nilikwenda kuangalia. Wageni wetu kutoka mtoni wamekuja na mashua juu ya malori, wamezitia ziwani kupitia lango lililo wazi ili wavuke mpaka hapa, ziko saba, zimefungwa pale chini, hakuna iliyoguswa na maji ya moto, na ubavuni mwa mojawapo nilikuta gugu lina ua lake limeshafunguka, nikalitoa, nikalichoma jikoni. Sijui kama lilikuwa peke yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ratiba imebadilika. Jeneza halitainuliwa sasa. Mnyororo umerudishwa, mkwe wangu ameshawasha moto, mapipa ni mawili, na mashua zote saba zitavutwa nchi kavu na kusuguliwa, chini ya injini pia, na wenye suti wavue makoti. Fundi hatasugua leo, leo atakaa na watoto wake.

Mkimaliza njooni tumzike, na hapo ndipo nitakapomwambia mwanangu apumzike kwa amani. Kabla ya hapo nitakuwa namdanganya.