Mwalimu Winfrida na Jibu la Watoto Watatu na Nusu

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Winfrida Gervas anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha, yote katika Shule yetu ya Msingi Lukenje, huku milimani juu ya Kinole. Alifika akiwa binti aliyetoka chuo cha ualimu, sanduku la bati kichwani, maana gari lilikwama kwenye utelezi na dereva akakataa kuendelea. Anaondoka na magoti mabovu. Ametuagiza mwenyewe tuandike hivyo, tusimpambe.

Alifundisha hisabati, darasa la tano hadi la saba. Mada iliyomchosha kuliko zote, na ambayo hakukubali kumwachia mtu mwingine, ni mafumbo ya sehemu, yale ambayo jibu lake lazima liwe namba kamili. Kila mwaka alisahihisha magari mawili na robo, ng'ombe watano na theluthi. Alimsimamisha mtoto na kumuuliza: nyanya za kujaza matenga saba na nusu zinahitaji matenga mangapi? Mtoto akijibu saba na nusu, aliulizwa nusu tenga husukwa na fundi gani. Darasa lilicheka, naye alitabasamu kidogo, akafuta ubao na kuanza upya.

Masika ya mwaka 2013 aliwapa darasa la tano swali hili: mzee mmoja ana watoto sita, theluthi mbili yao wanasoma. Wanaosoma ni wangapi? Ester Bonifasi, mtoto mpole wa dawati la mbele, aliandika watatu na nusu.

"Ester, mtoto nusu yukoje?"

"Ni dada Prisca, Mwalimu. Leo anakuja shule, kesho anabaki na mama. Kwetu tuko sita, wanaosoma wanne, ila yeye nimemhesabu nusu."

Wenzake waliangua kicheko. Mwalimu Winfrida hakucheka. Prisca alikuwa darasa la saba, na mtihani wa taifa ulikuwa Septemba.

Baada ya vipindi alipanda hadi kwa mzee Bonifasi, baba yao. Alimkuta Filomena, mama wa watoto wale, amelala kwenye mkeka, amepooza upande mmoja. Bonifasi alikuwa ndiyo kwanza anatua mikungu ya ndizi.

"Mwalimu, mimi shule sikatai," alisema. "Lakini nikienda shamba, nani amgeuze huyu?"

Mwalimu alimsaidia Prisca kumgeuza mama yake, akaaga, akashuka.

Jumapili, baada ya sala, aliwafuata akina mama wa jumuiya ya kanisa, akawaomba wamhudumie Filomena kwa zamu. Ulikuwa msimu wa palizi na kila mmoja alikuwa hoi. Mama Paskalia, mkubwa wao, alimwambia waziwazi: "Mwanangu, na sisi tumechoka."

"Najua, mama. Hata mimi nimechoka."

Alikaa nao kwenye ngazi za kanisa, akivua viatu kupumzisha miguu, mpaka Mama Paskalia mwenyewe akasema basi, yeye atachukua Jumatatu. Mwingine akachukua Jumanne. Wiki ikajaa hivyo, polepole na kwa kunung'unika. Mwalimu Winfrida alichukua Jumamosi, ili Prisca apate siku ya kusoma. Alipanda mlima ule hata mvua iliponyesha, na huko ndiko magoti yalikoanza kumsumbua.

Prisca alifaulu. Alisoma sekondari hadi kidato cha nne, na zamu za akina mama ziliendelea mpaka Filomena alipofariki. Leo Prisca analima tangawizi, na binti yake yuko darasa la kwanza hapahapa. Hakosi siku.

Tungependa kuandika kwamba iliwezekana kila mahali. Haikuwezekana. Zipo nyumba alizopanda mara nyingi zaidi ya kwa Bonifasi, akarudi mikono mitupu, na watoto wale hawakumaliza. Mwalimu Winfrida bado anawataja kwa majina, mara nyingi wakati wa chai, katikati ya mazungumzo mengine kabisa. Tumezoea kunyamaza akiwataja.

Wiki iliyopita Mwalimu Mkuu wetu, Abel, alimwomba abaki kidogo, kwa kuwa mwalimu wa kuchukua nafasi yake hajapangwa.

"Mama, utusaidie hata muhula mmoja."

"Abel mwanangu, nimechoka. Niacheni nikachokee nyumbani kwangu."

Hakuna aliyembishia. Mwalimu Rehema aliuchukua mkoba wake mezani na kumbebea hadi barabarani, wakitembea taratibu, kwa mwendo wa magoti yale.

Mama Winfrida, shikamoo, na asante. Asante kwa ubao uliofuta na kuanza upya, na kwa Jumamosi ambazo hakuna aliyekulazimisha kuzitoa. Tunakuombea usingizi mrefu, uji wa moto, na asubuhi zisizo na kengele. Ukisikia watoto wanapita njiani, usiinuke. Shule zikifunguliwa, darasa la tano tutaingia sisi walimu wenzako.